Mama Mawingu na Daftari la Umri wa Mwezi

Ndugu waombolezaji, marehemu mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Mawingu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1948, akiwa mtoto wa tatu wa seremala na mshona nguo, akaanza shule ya msingi mwaka 1955 na kumaliza sekondari Novemba 1966, akiongoza kwa hesabu na kushika mkia kwa kuimba.

Tarehe 2 Januari 1968 aliajiriwa katika kituo cha hali ya hewa, na kila kiangazi, jua likishazama, alipanda juu ya paa saa ileile kutazama mawingu membamba ya barafu, yaliyo juu kilomita themanini na kitu, akiyapa alama za mng'ao kuanzia sifuri hadi tano.

Tarehe 14 Agosti 1971 alifunga ndoa na baba yetu, fundi redio, wakajaliwa watoto watatu, na baba alizoea kuwaambia wageni kuwa mwezi ni mume mwenzake.

Hii ni kwa sababu mwaka 1974 marehemu aligundua kwamba kila baada ya wiki mbili hivi mawingu yale yalififia, kisha yakanenepa tena, akaanza kuandika pembeni mwa daftari la kituo umri wa mwezi, yaani siku tangu uandame, lakini mkuu wa kituo alifuta yote kwa kalamu nyekundu, akamwambia mbele ya wenzake, "Mwezi na mawingu wapi na wapi, dada? Hapa si kwa mganga." Mama akanunua daftari lake mwenyewe, akaandika humo hata baada ya kustaafu mwaka 2003.

Mei 2004 mtafiti mmoja alililinganisha daftari hilo na vipimo vya setilaiti, ikaonekana kuwa mwezi huvuta hewa ya juu kama unavyovuta bahari, joto likabadilika kidogo tu, hata nyuzijoto moja halikufika, na mawingu yale yakalihisi. Mkuu alikuja nyumbani, kofia mkononi, akasema, "Dada, nilikukosea." Mama akamjibu, "Kaa kwanza unywe chai, halafu unieleze ulifuta kurasa ngapi."

Mwaka 2016 aliugua figo, akapofuka macho, na tangu hapo mkuu huyo ndiye aliyepanda paa badala yake, akimpigia simu kila jioni ya kiangazi. Tarehe 11 Julai 2019 mkuu alisema kwenye simu, "Nne," mama akatuambia, "Andikeni," tukaandika, na kesho yake saa mbili asubuhi akafariki, akiwa na miaka sabini na mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na wafanyakazi wenzake wote, pamoja na mkuu wake, aliyeketi hapa nasi.

Mama, pumziko lako liwe la amani.