Madabodi ya Mahfudha

Baraza iliyo chini ya dirisha langu, kwenye kichochoro kinachotokea barabara ya Ndia Kuu, ina wenyewe. Yuko Nuruddin, muuza misumari, tunamwita Spana. Yuko Kioko, mstaafu wa reli, tunamwita Stesheni kwa kuwa hadithi zake husimama kila mahali. Mimi nawamiminia kahawa na kusikiliza. Alasiri hiyo alikuja Mahfudha, anayepiga video za kupamba. Kupamba mwakujua, sherehe ya wanawake ya kumwonyesha bi harusi: mwanamume haingii, simu zaachwa kikapuni mlangoni, mabuibui yavuliwa, na kamera ni ya Mahfudha peke yake. Kompyuta yake ya kuhariria ilikuwa imekufa juzi. Mkononi ana vikaratasi viwili vya dukani, vya madabodi mbili, ule ubao unaobeba mashine nzima, achague mmoja. 

— Hii ina nafasi nne za ramu, ile kumbukumbu ya mashine, na waifai ndani kwa ndani. Hii nyingine haina waifai. Nichukue ipi, Bwana Nuruddin?

— Isiyo na waifai! Yenye waifai ni nyumba isiyo mlango. Wewe wakata video ya bi harusi, kumbe jirani aitazama kwenye televisheni yake.

— Jirani yupi? nikauliza.

— Yeyote, Bi Mkubwa! Maji ukiyavulia nguo...

— Usitaje kuvua nguo! akalia Mahfudha.

Kioko akaweka kikombe chini.

— Waifai si kitu. Joto ndilo muuaji. Video nzito zachemsha ubao. Tafuta wenye vyuma vinene vya kupoozea, na nafasi pana ya kadi ya picha. Nunua mkubwa, mwendo wa kasi. Mwenda pole hajikwai!

— Stesheni, methali hiyo yakupinga, nikamwambia.

— Yanipinga kwa nini, na mimi ndiye niliyeisema?

Spana akainama, sauti chini.

— Nyinyi hamjui. Madabodi yakumbuka. Kila picha ikipita huacha alama, kama mafuta ya nazi kwenye leso. Wako watu wa kuzisoma.

— Ndiyo maana niling'oa ile ya zamani, akasema Mahfudha. Akatoa mkobani ubao wa kijani, umefungwa kitambaa kama mtoto mchanga. 

— Mamake bi harusi wa mwisho alinishika mkono, akaendelea Mahfudha, akaniambia, picha moja ikitoka, mwanangu ataachwa.

— Ivunje kwa nyundo, akasema Spana.

— Nyundo haitoshi, akasema Kioko. Itupe baharini.

— Baharini? Na kebo za intaneti zapita huko! Ikizigusa, mama zetu wataonekana hadi Ulaya!

Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Kwenye kupamba kwa bi harusi huyo nilikuwa katikati ya ukumbi, leso kiunoni, nawafundisha wasichana kucheza chakacha, nami magoti haya mwayaona. Marehemu mume wangu hakupata kuniona hivyo.

Hapo akashuka Ndinda, mpangaji wa juu, anayefundisha kompyuta kule Buxton.

— Shikamoo, Bi Mkubwa.

— Marahaba, mwanangu. Hebu mtazamie huyu ubao wake.

Akaugeuza mara mbili.

— Dada Mahfudha, humu hamna picha hata moja. Picha hupita tu.

— Alhamdulillahi! Mahfudha akakaa kitako, machozi yamtoka.

— Si niliwaambia! akasema Spana.

— Picha hukaa kwenye diski, akaendelea Ndinda. Diski uliitoa?

— Diski... ilibaki kwenye kasha.

— Na kasha?

— Nilimpa yule wa mkokoteni, anunuaye vyuma chakavu. Asubuhi. Nilidhani ni bati tupu.

Kioko akainuka. Spana akatazama huku na huku kichochoroni.

— Basi tumfuate upesi, akasema Ndinda. Anaitwa nani?

Wote wakanigeukia mimi. Mtaa huu najua nani kamwacha nani, na nani kapika nini. Yule wa mkokoteni sikuwahi kumuuliza jina.