Askari wa Mke wa Cheche

Asubuhi ile niliwamiminia kahawa kwa hasira, na hasira yenyewe bado ninayo. Benchi langu limeegemea ukuta wa karakana ya kuchomelea vyuma, na wateja wangu ni walewale: Cheche, mwenye karakana, Kamanda, mlinzi wa ghala la jirani, anayepita hapa akitoka lindo, na Uzi, fundi cherehani, bingwa wa mambo asiyoyajua. Mke wa Cheche ana uvimbe kwenye titi. Kipande kilikatwa kikapimwa, na siku mbili kabla mume na mke waliitwa kusikia majibu: saratani. Asubuhi hiyo ya kahawa ndiyo mke alitakiwa aanze dawa ya dripu, na Cheche alikuwa amemkataza kwenda.

— Daktari anatabasamu, akasema Cheche. Ananiambia uvimbe wa mke wangu umejaa askari wa mwili, zile chembe za damu zinazopigana na maradhi. Eti dalili njema. Nikainuka, nikabamiza mlango.

— Ulifanya la maana, akasema Kamanda. Askari wamejaa, mbona uvimbe bado umesimama? Mimi nalinda ghala. Ukikuta walinzi kumi wamejazana chumba kimoja, wamelala. Au wamehongwa.

— Wamehongwa na uvimbe? nikauliza.

— Mama Kahawa, wewe mimina. Uvimbe una damu, una chakula. Askari mwenye njaa hakatai sahani.

— Wapishi wengi huharibu mchuzi, akasema Uzi.

— Hao ni askari, si wapishi, nikasema.

— Methali haichagui kazi. Halafu kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nashona, najua. Hizi sidiria za kubana ndizo chanzo.

— Kinachobana hapa ni ujinga wako, nikamwambia.

Cheche hakucheka. Alikuwa amevaa glavu za kazi tangu alfajiri na hajagusa chuma hata kimoja. Anampenda mkewe, hilo silikatai. Ndiyo maana nilitamani kumzaba kibao.

— Na hiyo dripu, akasema, daktari huyohuyo anasema inashusha chembe nyeupe za damu. Si ndio hao askari? Watu wako wako vitani, wewe unawapiga risasi za mgongoni? Nimemwambia mke wangu, hutoki. Askari wamalize kazi yao.

— Si mmesema wamehongwa? nikauliza.

— Watatubu, akasema Uzi. Subira yavuta heri.

— Apewe maziwa na mayai, akasema Kamanda. Tena akae chumbani, kimya kabisa. Askari akisikia kelele nyuma yake, anageuka.

Hapo akafika mdogo wake mke wa Cheche, mfuko begani. Akawapa wote shikamoo, maana adabu anayo hata akiwa amekasirika.

— Shemeji, akasema, baada ya kukwambia askari ni dalili njema, daktari alimalizia vipi?

Cheche akatazama chini.

— Nilishatoka.

Binti akamgeukia Kamanda. Kamanda akasema yeye hakuwepo. Uzi akajikuna shingo, methali zote zimemkimbia.

— Dada alibaki akasikia, akasema binti. Uvimbe wa aina yake, askari wakiwa wengi, mara nyingi dawa inamkubali mgonjwa. Askari peke yao hawatoshi, wanataka kusaidiwa. Tangu juzi anangoja umuulize.

— Yuko wapi?

— Kwenye dripu. Ametoka wewe ukiwa hapa unapanga vita. Nimefuata shuka, kule kuna baridi.

— Amesemaje juu yangu?

— Hajasema kitu. Aliniuliza tu kama nitamshika mkono wakati wa sindano.

Cheche akaondoka mbio, karakana akaiacha wazi. Kamanda akakohoa, akaninyooshea kikombe.

— Ongeza kidogo, Mama Kahawa. Jambo hili lina upande mwingine.

— Kahawa imekwisha, nikamwambia.

Birika lilikuwa limejaa nusu.