Shangazi wa Barua Zilizorudi

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka ishirini na sita katika kituo chetu cha damu, Shangazi anastaafu. Jina hilo alipewa na wachangiaji damu wenyewe, kwa sababu ukiadimika kidogo tu, anakupigia simu kukuuliza umekwama wapi.

Alianzia mapokezi, akiwatuliza wanaoogopa sindano. Kituo kilipoanza kuwaita wachangiaji kwa barua pepe, alikabidhiwa orodha ya anwani, kazi ambayo hakuna aliyeigombania. Kila tangazo lilipotumwa, barua kadhaa zilirudi. Wengi wetu tungezifuta tukaendelea na chai. Yeye alizisoma moja moja. Ambaye sanduku lake lilijaa alisubiriwa, kisha akatumiwa tena. Herufi iliyokosewa ilirekebishwa. Anwani iliyokufa iliondolewa, ila mwenyewe alitafutwa kwanza.

Vituko navyo havikukosekana. Mchangiaji mmoja alikwenda likizo akaacha jibu linalojituma lenyewe. Mtambo wetu wa barua pepe nao ukamjibu, na wikendi nzima mashine mbili zikaamkiana bila kuchoka. Jumatatu Shangazi alicheka hadi machozi, ndipo akazitenganisha, akisema zinafanana na wakwe walioshindwa kuagana.

Lakini tutamkumbuka zaidi kwa habari ya mchangiaji mmoja, mchomeleaji vyuma. Karakana alikofanya kazi ilifungwa, anwani yake ikafa nayo, na mtambo ukamwondoa orodhani kabla Shangazi hajaiona. Damu yake ni ya kundi adimu. Simu yake haikupatikana. Shangazi akaulizia kwenye karakana za jirani, akaelekezwa kwa dada yake, fundi cherehani sokoni, akaenda kwa miguu wakati wa chakula cha mchana. Huko alielezwa kwamba kaka mtu amenuna: barua zilipokoma, aliamini tumeikataa damu yake.

Anwani mpya ikaingia orodhani. Haukupita mwezi, mama mmoja akajifungua na kuvuja damu nyingi, na ya kundi lile ilikuwa imetuishia. Wito ukatumwa. Mchomeleaji akaingia na buti zake za kazi, akanyoosha mkono. Mama na mwanawe wakarudi nyumbani wazima.

Siku ile akiondoka, mchomeleaji alisimama mezani kwa Shangazi. "Nilidhani mmenitupa," alimwambia.

"Barua ndiyo iliyopotea, mwanangu," akajibu. "Wewe tulikuwa tunakutafuta."

Si kwamba Shangazi ni malaika: likizo alizikwepa, na simu zake ndefu zilitunyima laini. Hata hivyo, hakuna aliyethubutu kumkatiza.

Mumewe, dereva aliyemtangulia kustaafu, amevumilia vya kutosha. Gari limeshabadilishwa tairi, na safari ya kwanza ni kwa binti yao. Shangazi, asante kwa kutotuacha tuzoee kupoteza watu. Tunakuombea afya tele, barabara nyoofu na asubuhi zisizo na haraka. Nenda salama, mama yetu; kazi umeifanya.