Masikio Manne ya Boti

Karibu na maji, pale Nyangwe, Safi alimimina kahawa, mwanawe Faradji mgongoni. Jana jioni dhoruba ilipindua mtumbwi wa mume wake, na mvua ikapiga usiku kucha. Tangu alfajiri boti ya Wabelgiji ya kupima mto ilikuwa ikinguruma huku na huku, ikimtafuta chini ya maji. Kwenye benchi walikaa wateja wake wawili: Bulaimu, aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimiki, na Grégoire, aliyeitwa Direkta kwa kuwa aliwahi kufagia ofisi ya direkta, yaani mkurugenzi.

— Ile mashine inatupa sauti ndani ya maji, akasema Redio. Sauti inagonga kitu, inarudi. Ikikawia, kitu iko mbali.

— Na upande itajua namna gani? akauliza Direkta.

— Iko na masikio mane chini ya boti. Sikio ya kushoto ikisikia mbele ya zingine, kitu iko kushoto.

— Na jiwe na mutu?

— Jiwe inajibu kwa nguvu. Mutu anajibu polepole.

— Hiyo ni kidogo, Redio. Inajua mpaka kabila ya samaki!

— Kabila tu? Inajua na ile iko na mimba!

— Basi iulize mimba ya nani.

Safi hakucheka. Kila boti ilipogeuka alisimama, akakaa, akasimama tena.

— Tulia, Mama Faradji, akasema Redio. Itamuona tu.

Safi alitaka mumewe aonekane. Hakutaka aonekane huko chini.

Emilienne, muuza karanga aliyefika kutoka Kabambare, akatua kikapu chake.

— Baba zangu, na ile motere inalia hivi, inasikia namna gani?

Redio akamgeukia Direkta. Direkta akachungulia kikombe, kilikuwa kitupu.

Usiku mvua, mchana motere, Safi akawaza. Tangu jana nani amenyamaza akasikiliza? Akaiacha birika, akakimbia ukingoni, akavua kitambaa cha kichwa na kukipunga mpaka motere ya boti ikazimwa.

Kimya.

— Baba Faradji!

Kutoka kwenye kisiwa cha katikati ya mto sauti ikarudi:

— Baba Faradji!

— Ni mwangwi ile, mama, akanong'ona Redio. Inarudisha neno yako tu.

— Nyamaza, Redio! akasema Safi.

Kisha, kutoka kwenye matete, kwa unyonge:

— Mama Faradji!

Neno hilo Safi hakulisema.