Mto Alioshindwa Kuutaja

Basi la Rotorua lilikuwa halijatoka mjini, na tayari mama wa kiti cha mbele yangu alishamsimulia jirani yake, bwana asiyemjua aliyevaa mabuti ya mpira, jinsi binti wa shule aitwaye Hinewai alivyomwibia gari akalitumbukiza mtoni.

“Kafungwa miaka mingapi?” bwana akauliza.

“Hajafungwa. Kaitwa kwenye ukumbi wa ukoo, ndiko kesi za vijana wetu husikilizwa, mbele yangu, mbele ya wazee wake na hakimu.”

“Akapewa na chai?”

“Chai baadaye, baba. Kwanza alisimamishwa ajitambulishe kwa desturi yetu: mlima wake, mto wake, mababu zake.”

“Mlima! Mimi angenitajia bei ya gari.” Hapo nilikubaliana naye kidogo, ingawa hakuna aliyeniuliza.

“Mlima aliutaja vizuri. Kufika kwenye mto, akakwama. Maana ni mto huohuo alimolizamisha gari langu. Akaanza kulia, na si kile kilio cha kuogopa jela. Hicho nakijua, nina wapwa.”

“Machozi hayakaushi injini, mama.”

“Hayakaushi,” mama akakubali, akatazama dirishani.

“Sasa wewe ukafanyaje?”

“Nikasimama, nikautaja pamoja naye. Ni mto wangu pia.”

Basi likasimama. Mama akainuka na vikapu vyake.

“Kwa hiyo umemsamehe,” bwana akasema, kama mtu anayefunga kesi.

“Nani kakwambia?” akajibu mama, akashuka, akashika njia ya kwake kwa miguu, mvua ikimnyeshea.