Namba Tano ya Mzee Boniface Kioko

Mpendwa wetu Mzee Boniface Kioko alizaliwa tarehe 3 Machi 1953 huko Mbooni, Makueni. Anayesoma maneno haya ni binti yake wa kwanza, Margret. Ameyaandika kwa aibu, na anaomba mumvumilie.

Marehemu alisoma hadi Kidato cha Pili, akaacha babake alipofariki. Kiu ya kusoma haikumtoka. Mwaka 1974 aliajiriwa bandarini, akawa karani wa kuhesabu mizigo kwa miaka thelathini na tisa. Wenzake waliona magunia ya ngano. Yeye aliuliza imelimwa wapi, na kwa nini mwaka huu imechelewa.

Mwaka 1979 alifunga ndoa na Sarah, wakajenga Mikindani, wakabarikiwa watoto watatu: Margret, Cheryl na Clifford. Mama yetu alitangulia mwaka 2017.

Alipostaafu, Mzee alianza kazi aliyoipenda kuliko zote. Kila Ijumaa alitutumia kwenye kundi la familia orodha ya makala za kusoma wiki hiyo: uchumi, maendeleo ya nchi za mbali, mambo yanayoendelea duniani. Kila makala aliipa namba na maelezo yake mwenyewe. Wakati mmoja aliandika: "Namba mbili. Someni mjue kwa nini chapati za hapa stendi zimepanda bei, na vita viko Ulaya." Jumamosi alikwenda kibandani kwa jirani yake Tsofa, fundi viatu mwenye simu ya kabambe isiyo na intaneti, akamsomea orodha nzima huku yule akishona soli. Walibishana hadi adhuhuri.

Sisi wanawe hatukusoma. Jamani, tusidanganyane mbele ya jeneza. Margret ndiye aliyepanga zamu: kila wiki mmoja amjibu Mzee kwa niaba ya wote, ataje namba moja aisifu, ili baba aone tumesoma. Tulicheka sana kwa ujanja huo.

Mwaka huu tumbo lilianza kumsumbua. Alipoulizwa alisema ni vidonda tu, vitapona. Ijumaa tarehe 6 Juni 2025 orodha ilikuja kama kawaida. Zamu ilikuwa ya Margret. Alikuwa kazini, akaandika haraka: "Asante baba, tumesoma zote. Namba tano imetugusa sana!" Mzee akajibu, "Nashukuru, mwanangu."

Jumanne alifanyiwa upasuaji. Alhamisi, tarehe 12 Juni, saa kumi alasiri, alituaga. Tsofa ndiye aliyepiga simu. Margret alimpigia kelele: "Mbona baba hakutuambia anaumwa hivyo?"

"Dada Margret, pole," Tsofa alisema. "Mbona aliwaambia! Mimi alinisomea Jumamosi. Ni ile namba tano. Nikamwambia, mzee, wapigie basi. Akasema, wameshaona, wamenijibu, wana shughuli zao."

Ndipo Margret akaifungua. Imeandikwa hivi: "Namba tano. Hii si makala. Jumanne saa moja asubuhi nalazwa nipasuliwe tumbo. Daktari asema ni hatari kidogo. Naomba mmoja wenu aje anishike mkono."

Basi ndivyo tulivyomfanyia baba yetu. Hakuna mwingine wa kulaumiwa, wala daktari wala kazi.

Tsofa alifunga kibanda siku tatu. Alimsindikiza Mzee hospitalini, akalala kwenye benchi la wodi, na ndiye aliyeushika ule mkono hadi mwisho.

Marehemu ameacha watoto Margret, Cheryl na Clifford, na wajukuu sita, mkubwa wao akiwa Fancy. Fomu ya hospitali ina mahali pa kuandika jamaa wa karibu. Mzee aliijaza mwenyewe, kwa ule mwandiko wake wa karani: "Tsofa, mwanangu." Jina letu halimo.

Kwa hiyo, Tsofa, tafadhali sogea mbele. Wewe ndiye utakayetia udongo wa kwanza, sisi tutafuata nyuma yako. Bwana amlaze baba yetu pema, naye atusamehe.