Mwalimu Norah Driwaru na Kobe Wake Mtiifu

Mwalimu Norah Driwaru alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Logiri, Vurra, binti wa tatu wa marehemu Sajini Candia na Mama Eyotaru. Baba alirudi na Kiswahili kutoka jeshini, na nyumba nzima ikakizungumza, wapende wasipende.

Alianza shule Logiri mwaka 1978. Vita vilipofika, mwaka 1980, wazazi walivuka naye mpaka kuingia Zaire. Huko hapakuwa na daftari. Alijifunza hesabu kwa kuchora kwa kidole kwenye majivu. Familia ilirudi mwaka 1986, akasoma sekondari mjini Arua, na mwaka 1994 akahitimu ualimu.

Kuanzia 1995 alifundisha hesabu katika shule ya msingi huko Lurujo, Koboko. Pale uwanjani alijifanya kobe: alishika kopo la majivu lililotobolewa, wanafunzi wakaamuru, naye akatembea akiacha mstari. Mchoro ukiisha, lazima kobe ageuke mara ya mwisho, atazame kule alikotazama mwanzo, ili anayemfuata asipotee. Siku moja watoto walitaka pembetatu, wakaamuru, "Geuka sitini!" badala ya mia na ishirini. Mwalimu alijua kosa, lakini akatii, mpaka akapita juu ya mihogo iliyoanikwa na mke wa mwalimu mkuu. Lo! Mama wa watu alipiga kelele.

"Mimi iko kobe, mama," Norah akamjibu. "Uliza hawa watoto."

Kisha akaiosha mihogo yote mwenyewe.

Tarehe 20 Desemba 1997 alifunga ndoa na Bwana Moris Yakani, fundi seremala wa Koboko. Mungu aliwajalia mabinti wawili, Ritah na Shamim.

Mwaka 2019 shule ilipata kompyuta tano kuukuu. Norah, akiwa na miaka arobaini na minane, alikwenda Arua kila Jumamosi kujifunza. Ndipo akaanza kuandika programu ndogo ya kusoma amri za Kiswahili, MBELE, KULIA, RUDIA, na kumtembeza kobe kwenye kioo cha kompyuta. Ilimla miaka. Mwishoni ilibaki kasoro moja sugu: RUDIA ikikaa ndani ya RUDIA nyingine, kobe alisahau hesabu ya kwanza. Ua la miraba sita, yaani mraba uliorudiwa mara sita, lilibaki mraba mmoja, na watoto wakavunjika moyo.

Novemba 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Hakuogopa sana kufa, ila aliogopa kuwaachia watoto kobe anayepotea. Januari mwaka huu, akiwa kitandani, alimtazama Shamim akipanga sahani za wageni, moja juu ya nyingine.

"Shamim, kuja na kompyuta! Hesabu mpya nakaa juu, ya zamani nangoja chini. Ya juu naisha, unatoa."

"Wewe pumzika kwanza," mumewe akamsihi.

"Nitapumzika mingi, Moris."

Yeye alisema, Shamim akaandika huku machozi yakimtoka. Tarehe 30 Januari ua lilitimia miraba yote sita. Mwalimu alicheka, akaomba chai.

Aliaga dunia nyumbani Lurujo, Jumatatu tarehe 9 Februari 2026, saa nne asubuhi. Ameacha mume, mabinti wawili, mama yake mzazi, kaka yake Mindra anayesoma haya, na wanafunzi wa miaka thelathini. Tumeumia, na hatufichi.

Jana wanafunzi wa darasa la sita waliomba kupima kaburi wao wenyewe. Rashida alishika kopo la majivu, wenzake wakaamuru: MBELE nyayo nane, KULIA tisini, MBELE nyayo nne, KULIA tisini, RUDIA mara mbili. Mstari ulipokutana, wazee wakasema, "Basi, mtoto, imetosha."

Rashida hakutoka. Aligeuka kwanza ile tisini ya mwisho, akatazama kule alikotazama mwanzo, ndipo akalia.

Lala kwa amani, Mwalimu. Hakuna aliyepotea.